Barua ya kazi ughaibuni: iache ile ya steshenari

Ukiingia steshenari pale Mwanga, Kigoma mjini, kutoa kopi za vyeti, mwenye duka atakuuliza kama unataka na barua. Anayo tayari kwenye kompyuta. Anafuta jina la aliyekutangulia, anaweka lako, anabadilisha tarehe na jina la kazi, anachapa. Yangu ya kwanza niliinunua hivyo, nikaisaini nikiwa nimesimama. Ilianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", ikaendelea na "Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24, nina afya njema na akili timamu", ikafunga na "Wako katika ujenzi wa taifa".

Barua hiyohiyo, ikiwa imevaa Kiingereza, ndiyo niliyotua nayo Uingereza. Nilituma nakala nyingi, nikajibiwa na kimya. Siku moja kwenye maktaba ya mtaani kwetu, mama mmoja aliyekuwa akijitolea kusaidia watafuta kazi aliisoma yote, kurasa mbili, akachukua penseli na kuanza kukata. Zikabaki sentensi mbili. Kisha akaniuliza: "Sasa niambie, unajua kufanya nini?"

Nilikaa kimya. Katika kurasa mbili, swali hilo sikuwa nimeligusa.

Barua yetu ya nyumbani ni barua ya adabu. Mwombaji anabisha hodi, anajitambulisha kwa umri na asili, anaeleza haja yake, anaahidi bidii na uaminifu, anashukuru kabla hajapewa. Sioni ubaya wake kule inakotumika. Ila mwajiri wa Leeds au Toronto hajui kuwa hizo ni hodi. Anaona mtu anayelalamika shida zake. Mchukulie yeye kama mteja aliyesimama mbele ya meza ya samaki sokoni. Muuza migebuka hamwambii "ninunulie, nina watoto wanasoma". Anainua shavu la samaki, mteja anajionea wekundu.

Kwa hiyo anza na mkasi. Umri, dini, kabila, hali ya ndoa na idadi ya watoto havina nafasi kwenye barua ya Uingereza, Marekani wala Kanada. Picha pia usiweke. Nchi hizo zina sheria za kuzuia ubaguzi katika ajira, na mwajiri mwenye akili hataki hata kuonekana kuwa aliyajua hayo kabla ya kukuita. Ujerumani ni habari nyingine kidogo: wengi bado huweka picha kwenye wasifu ingawa si lazima, nakala za vyeti huambatanishwa, na barua yenyewe huwa rasmi kweli. Kote huko, ukurasa mmoja unatosha. Ukivuka hapo, anayesoma ameshahamia kwa mwombaji mwingine.

Ahadi nazo zikatwe. "Nitafanya kazi kwa bidii, uaminifu na kujituma" imeandikwa na kila mtu, hata mvivu.

Baada ya kukata ndipo unapochukua tangazo la kazi na kulisoma kama mtu anayesoma mkataba wa kiwanja. Piga mstari chini ya kila wanachotaka. Chagua viwili au vitatu unavyoweza kuvitolea ushahidi, na barua yote iwe juu ya hivyo. Sentensi ya kwanza itaje kazi unayoomba, kisha mara moja jambo lako lenye uzito kuliko yote.

Hapo ndipo watu wetu wanapokwama. Wanasema, "Mimi nyumbani sikuwa na kazi, nilikuwa nauza dagaa tu." Hilo "tu" limewanyima wengi riziki. Tuchukue mtu wa Kigoma anayeomba kazi ya ghala ambayo tangazo lake linataka uangalifu wa hesabu za mali, kuamka mapema na kufanya kazi kwa muda uliobana. Akiandika "Nimefanya biashara ya dagaa kwa miaka minne na nina uzoefu mkubwa", hajasema kitu. Aandike hivi:

"Kwa miaka minne nilinunua dagaa alfajiri kwenye mwalo wa Kibirizi katika Ziwa Tanganyika, nikawaanika, nikawapanga kwa daraja na kuwasafirisha kwa treni hadi Tabora na Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Kila gunia liliandikwa linapotoka na linapopokelewa, na upungufu ulikuwa hasara yangu mwenyewe. Wakati wa masika mzigo ukichelewa kukauka unaharibika, hivyo nilijifunza kupanga manunuzi kwa kuangalia hali ya hewa na ratiba ya treni."

Msimamizi wa ghala hajui dagaa ni nini, na wala hahitaji kujua. Anachokiona ni mtu aliyeshika mali inayooza, akaihesabu na kuifikisha mbali kwa wakati. Nambari ziwe zako za kweli, maana kwenye usaili utaulizwa hizohizo, na uongo wa barua una tabia ya kusahaulika na mwandishi wake.

Kuna kundi jingine linalojipunja zaidi: waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, wakahamishiwa Marekani, Kanada au Australia. Kambi ile ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, na kuanzia 2015 ikapokea Warundi wengi. Ndani yake kuna watu waliofundisha madarasa yaliyofurika, waliotembea nyumba kwa nyumba kama wahudumu wa afya, waliotafsiri baina ya daktari na mgonjwa kwa lugha tatu. Walilipwa posho ndogo, kwa hiyo kwenye barua wanaruka miaka yote hiyo kana kwamba walikuwa wamelala. Ndugu yangu, iliyokuwa ndogo ni posho. Kazi yenyewe uliifanya. Andika ulifundisha darasa gani, wanafunzi wangapi, kwa miaka mingapi. Ukiomba kazi ya kutunza wazee, mwajiri anataka kusikia kuwa umewahi kukaa na mtu aliyeogopa, asiyejua lugha yako, akatulia.

Majina ya kwetu yanahitaji kusindikizwa. Wewe ukisema Kitete, kila mtu wa Tabora anajua. Msomaji wa Birmingham hajui kama hiyo ni zahanati au kituo cha mabasi. Mwandikie "hospitali ya rufaa ya mkoa", taja wodi na idadi ya vitanda mlivyohudumia. Maweni ya Kigoma vivyo hivyo.

Na kwa wauguzi wanaoomba hospitali za umma za Uingereza: mara nyingi huko hakuna barua kabisa. Kuna fomu ya mtandaoni yenye sehemu ya maelezo ya ziada, na pamoja na tangazo huja orodha ya sifa za mtu anayetakiwa, zile za lazima na zile za kuongezea. Wanaochuja hukaa na orodha hiyo wakikupa alama sifa kwa sifa. Zijibu kwa mpangilio wao, kila sifa ya lazima na mfano wake. Ukiacha moja kwa kudhani "hii wataielewa tu", unaweza kukatwa hapohapo, na mtu mwenye uzoefu mdogo kuliko wako akaitwa.

Siku hizi vijana wananiambia barua wanaandikiwa na programu za akili mnemba. Sawa, zitumie kusahihisha lugha. Lakini ukiiambia tu "niandikie barua ya kuomba kazi ya ghala", itakupa maneno laini yaliyopakwa mafuta, yaleyale iliyompa jirani yako. Ni steshenari ya Mwanga, safari hii bila foleni. Ipe kwanza dagaa wako na magunia yako, halafu soma ilichoandika kwa sauti. Panapokuwa na neno usiloweza kulitamka mbele ya msaili, litoe.

Sasa wale wanaofikiria kurudi. Barua niliyowaambia mtupe msiichome moto. Kazi za serikali ya Tanzania huombwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na huko barua yenye anwani, kichwa cha habari na sahihi yako bado ndiyo inayotakiwa. Kama shahada yako ni ya nje, anza mapema kuipeleka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) itambuliwe, maana hilo halimalizwi usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Na kama umeshachukua uraia wa nchi nyingine, kumbuka kazi hizo ni za raia, na Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima.

Mashirika ya misaada yanayofanya kazi Kasulu na Kibondo hutaka barua ya namna ya ughaibuni, fupi na yenye ushahidi. Ila mtu anayetoka nje ana swali moja analoulizwa kimoyomoyo: huyu atakaa, au baada ya miezi mitatu atakumbuka baridi? Lijibu kwa sentensi moja. Sema unaweza kuripoti lini na kwamba uko tayari kuishi Kibondo kwenyewe, si Kigoma mjini na kupanda gari kila Jumatatu. Kama unazungumza Kiha, lugha ya wenyeji wa huko, usikifiche chini ya wasifu. Kilete juu kwenye barua.

Limebaki jambo la wadhamini. Shehe au mchungaji ni mtu wa heshima, lakini mwajiri wa huku anamtaka aliyekuona kazini. Kabla hujaandika jina la bosi wako wa zamani, mpigie, mwamkie, mweleze ni kazi gani na atarajie simu ya Kiingereza. Namba ianze na +255. Barua pepe iwe ile anayoifungua, si ile ya ofisi ambayo nywila yake alihama nayo mhasibu. Tofauti ya saa kati ya Uingereza na Kigoma ni tatu majira ya baridi, mbili kiangazi. Mdhamini wangu hupatikana vizuri mchana tu, jioni huwa ziwani na mtandao hakuna, kwa hiyo chini ya jina lake huandika kwa saa za Uingereza: apigiwe kabla ya saa sita mchana.