SOMO: Kusoma MRI ya ubongo ya mtoto aliyemaliza mionzi, kabla hujaandika "uvimbe umekua"

Swali ni lile lile kila wiki: mionzi imeisha miezi mitatu, MRI ina weupe zaidi, je, tiba imeshindwa? Naliandika mara moja hapa.

1. Pata tarehe ya mwisho ya mionzi, dozi na eneo lililopigwa. Uvimbe wa shina la ubongo, kwa mfano, mara nyingi hupewa Gy 54 (grei, kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 30.

2. Linganisha na picha ya msingi, ile ya wiki 4 hadi 6 baada ya mionzi. Ya kabla ya mionzi haitoshi.

3. Pima vipenyo viwili vya uvimbe vinavyokatana kwa pembe mraba, kwa mkato na sikwensi (aina za picha za MRI) zile zile.

4. Weupe wa gadolini, dawa inayochomwa mshipani ili picha ing'ae. Hatua hii niliwahi kuikosea, kwa hiyo someni polepole. Gadolini haipaki uvimbe rangi. Inaonyesha mahali mishipa inapovuja, na mionzi yenyewe huharibu kuta za mishipa. Ndani ya miezi sita ya kwanza, weupe mpya katika eneo lililopigwa unaweza kuwa ukuaji bandia: picha inaonekana kama uvimbe umekua, kumbe ni athari ya mionzi. Kwa glioma (aina ya uvimbe wa ubongo) za daraja la chini, yaani zinazokua polepole, huweza kutokea hata baada ya hapo. Mara nyingi kingo zake zimechakaa kama wavu uliochanika, ila sura peke yake haithibitishi kitu. ANGALIA deksamethasoni, dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo: ikipandishwa weupe hupungua, ikishushwa hurudi, na uvimbe haujabadilika hata kidogo. Andika dozi ya siku ya picha. ANGALIA pia kwamba weupe ulio nje ya eneo lililopigwa usisingiziwe mionzi.

5. Soma difyusheni (picha ya mwendo wa maji kwenye tishu; kipimo chake ni ADC) na perfyusheni (picha ya damu inayopita kwenye tishu) pamoja. ADC ya chini na damu nyingi huelekeza kwenye uvimbe. ADC ya juu na damu kidogo huelekeza kwenye madhara ya mionzi.

6. Ukiwa na shaka na mtoto yuko imara, rudia baada ya wiki 4 hadi 8. Akitapika asubuhi, akisinzia au mwendo ukiharibika, usisubiri: angalia maji kichwani siku hiyo hiyo.

MASWALI

– Mkuu, nisomee hii (picha ya simu, filamu imeshikwa dirishani).
Haisomeki. Leta CD yenye picha zote, pamoja na hatua ya 1.

– Kwa kifupi, ni wiki ya ngapi weupe unakuwa uvimbe?
Hakuna wiki hiyo. Rudia hatua ya 4.

– Dokta, pilosaitiki astrosaitoma (glioma ya daraja la chini ya watoto) nayo inafuata hatua ya 5?
Swali zuri sana. Hapana, haiifuati vizuri. Uvimbe huo kwa asili huwa na ADC ya juu na damu kidogo, na bado hung'aa sana kwa gadolini, kwa hiyo ukiwa hai unafanana na madhara ya mionzi. Hapo tegemea mfululizo wa vipimo na hali ya mtoto. Medulobilastoma, uvimbe mkali wa ubongo wa nyuma, ni kinyume: ADC yake huwa chini, na vipandikizi vyake vingine (mbegu za uvimbe zilizosambaa) having'ai kabisa, kwa hiyo tazama difyusheni na uti wa mgongo wote.

– Shikamoo dokta. Tunatoka Nansio, kisiwani Ukerewe, mtoto ana miaka minne, atalazwa usingizi kwa ajili ya MRI hospitali ya Bugando, Mwanza. Ale nini kwenye kivuko?
Marahaba mama. Chakula na maziwa ya ng'ombe mwisho ni muda wa masaa sita kabla ya usingizi; maji matupu mwisho ni masaa mawili kabla. Uji ni chakula. Vukeni siku moja kabla, na CD ya zamani ibebeni mkononi, isiachwe kwenye mizigo.