Modi na kodi za San Andreas bila kuua sevu wala kompyuta

Nina banda la gemu Mbagala, na mpaka leo gemu ya GTA San Andreas ndiyo inayogombaniwa. Madogo wanaijua HESOYAM, kodi (neno la kuchiti unalochapa ukiwa unacheza), kabla hawajamaliza misheni ya pili: afya, kinga ya risasi na dola 250,000 kwa mpigo. Hiyo haina noma. Yenye makali ni kama IOJUFZN, inayoanzisha fujo jiji zima. Ukisevu fujo ikiendelea, sevu hiyo ndiyo basi tena. Kwa hiyo kabla ya kuchiti ingia Documents, fungua folda ya GTA San Andreas User Files, nakili faili zinazoanza na GTASAsf uziweke kwenye flashi. Ukishavuruga unavyotaka, toka bila kusevu.

Kwenye modi, yaani faili za kubadilisha gemu, ndipo watu wanapolia. Wengi wanafungua gta3.img, faili kubwa la gemu lenye magari na picha zake, na kubandika gari jipya juu ya la zamani, kisha gemu ikigoma hawajui waanzie wapi. Mimi naweka Mod Loader kwanza, kifaa cha kupakia modi gemu inapowaka. Inakuwa na folda yake, modloader, na kila modi inakaa humo kwenye kijifolda chake. Faili za asili haziguswi. Gemu ikizingua, toa vijifolda kimoja kimoja mpaka umpate mchawi.

Kabla hujaweka chochote, soma herufi za mwisho za jina la faili. DFF ni umbo la gari, TXD ni picha zake. Zikiwa mbovu, mara nyingi gemu inajifunga tu. ASI ni habari nyingine: ni programu inayoendeshwa ndani ya gemu, inaweza kugusa hata nywila zako. Ipitishe kwanza VirusTotal, tovuti ya kukagua faili kama lina virusi. (Mod Loader yenyewe ni ASI, ndiyo maana uichukue kwa mwenyewe aliyeitengeneza.) Gari lililokuja kama EXE, yaani programu ya kubofya ijiendeshe, futa bila kuuliza. Na ukiambiwa zima antivirusi, au zipu imefungwa kwa nywila, kaa macho: nywila hiyo inaizuia antivirusi kuchungulia ndani.

Kutengeneza yako, anza na basi. Toa bus.txd kwenye nakala ya gta3.img, ifungue kwa programu ya TXD Workshop, hamishia picha nje, chora mstari wa daladala na “Mbagala–Kariakoo” ubavuni, irudishe kwa vipimo vilevile, kisha iweke kwenye kijifolda chako. Ukitaka kugusa mwendo, nakili handling.cfg, faili la tabia za magari barabarani, na utafute mstari wa BUS. Namba ya kwanza baada ya jina ni uzito kwa kilo. Badilisha namba moja, jaribu, ndipo uende nyingine.

Ukiwagawia wenzako, toa TXD yako na maelezo mafupi ya pa kuiweka. Usigawe gta3.img nzima, hiyo ni mali ya Rockstar, wenye gemu. Na kama unaingia seva ya mtandaoni, soma masharti yake kwanza: zipo zinazofungia mchezaji hata kwa modi ndogo.