Namna ya kufaidi Jumamosi ya farasi ukiwa Tabora

Tabora hakuna farasi. Nalisema mapema usije ukanishika shati baadaye. Punda tunao, ng'ombe ndiyo usiseme, lakini farasi katika nchi hii ya miombo hakupata kustawi kwa sababu ya mbung'o. Stanley alipotoka pwani mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, na wote wawili walimfia njiani kabla hajaiona Kwihara, hapa hapa Tabora. Kwa hiyo ukitaka kuwa mpenzi wa mbio za farasi ukiwa Kanyenye au Isevya, farasi wako wataishi mahali pawili tu: kwenye simu na kwenye daftari. Mimi naishi nao humo tangu nilipostaafu reli, na Jumamosi yangu haina nafasi hata ya harusi ya mtu.

Ugonjwa huu niliupata Nairobi, enzi za reli ya Afrika Mashariki kabla jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Nilikuwa kijana mafunzoni, na karani mwenzangu mmoja akanichukua siku ya mapumziko hadi uwanja wa Ngong. Niliweka shilingi 2 kwa farasi wa kijivu kwa sababu nilimwona akimvua mtunzaji wake kofia kwa meno. Akashika mkia. Sikujali. Nilikuwa nimesikia ardhi ikitetemeka chini ya viatu walipopita mbele yetu, na mpaka leo treni ya mizigo ikiingia usiku huwa nageuka kitandani nikidhani ni mzunguko wa mwisho.

Kabla ya kufikiria pesa, nunua kaunta buku. Hao vijana wanaofungua simu, wanabonyeza jina linalowapendeza na kuanza kuomba Mungu, wananunua dakika 2 za kihoro. Mwenye daftari ananunua siku nzima. Mimi huanza Ijumaa jioni: narekodi mbio 3, zisizidi, kila moja ukurasa wake. Jina la farasi, mpanda, mkufunzi, uzito, hali ya uwanja, halafu nafasi tupu ya kuandika kilichotokea. Hiyo nafasi tupu ndiyo tamu. Unalala nayo.

Kisha saa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nina aibu yangu ya kulipa. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba, tuko mbele ya Uingereza kwa saa 2. Miezi iliyobaki ni saa 3. Wao hubadili saa zao, sisi jua letu ni lile lile. Ratiba yao ikisema 16:00, hiyo ni saa 10 jioni ya kwao. Ongeza 2, unapata saa 12 ya Tabora, ng'ombe wanarudi zizini. Sasa, Aprili 2024 Grand National, ile mbio kubwa ya vizuizi ya Uingereza, ilisogezwa ianze saa 10 hiyo hiyo. Nami nilikuwa na jina moja nimeliandika kwa wino mwekundu tangu Jumatano: I Am Maximus. Nikapiga hesabu ya majira ya baridi, saa 3. Nikaoga, nikavaa koti, nikafika kijiweni saa 12 na nusu nikijiona nimewahi, nikamkuta mtani wangu Mzaramo, fundi cherehani, anakunja vitambaa vyake.

"Stesheni masta," akasema bila kuinua macho, "treni yako imeshapita. Na abiria wako kashuka wa kwanza."

I Am Maximus alikuwa ameshinda kwa bei ya 7/1, yaani kila shilingi 1 inazaa 7, ameshamwagiwa maji, na shilingi zangu 2,000 ziko mfukoni zimetulia kama mayai. Faida ya 14,000 niliyoikosa imenitoka moyoni. Lakini mtu aliyepokea treni maisha yake yote kuachwa na farasi! Hilo mtani wangu atalisema siku ya kunizika, na ataruhusiwa.

Waafrika Kusini wako nyuma yetu kwa saa 1 mwaka mzima, kwa hiyo mbio zao kubwa za Durban July, Jumamosi ya kwanza ya Julai, hazina mtego. Ngong saa yao ni yetu.

Jingine: hakikisha farasi wako wamezaliwa. Usicheke. Nilipoanza, niliingia duka moja la kubeti mjini, nikakuta kwenye televisheni farasi wanakimbia, na baada ya dakika chache wengine, na wengine tena. Nikafurahi kweli. Wiki 3 nzima niliketi pale na daftari langu nikirekodi. Nikagundua kwamba namba 4 hupenda alasiri. Nikagundua kwamba wa shati la njano huchoka kwenye kona. Nikampelekea binti wa kaunta ugunduzi wangu, kwa sauti ya chini wengine wasisikie. Akanitazama kwa huruma. "Babu, hao hawana baba wala mama. Ni kompyuta inachagua."

Kurasa 41 za wino. Sijazichana, ninazo. Kwa hiyo jiulize: mbio hizi zina jina la mji? Kuna mkufunzi? Kuna habari ya mvua? Kama farasi wanakimbia kila baada ya dakika chache, uwanja haulowi na hakuna anayejikwaa, hao ni kompyuta, na daftari lako hapo ni mapambo. Si kila kampuni ina mbio za kweli. Kagua orodha ya michezo yao kabla ya kuweka hata senti.

Kusoma historia ya farasi kunafanana mno na kusoma buku la stesheni. Tuseme umekutana na farasi, tumwite Asali Mbichi, na kando ya jina pameandikwa 2P0-13F1. Mbio ya karibuni iko kulia, ya zamani kushoto. Kistari kinatenga msimu na msimu. Tarakimu ni nafasi aliyomaliza, na 0 maana yake alimaliza nyuma ya nafasi ya 9 huko. F ni kuanguka, U ni kumtupa mpanda, P ni mpanda kumsimamisha njiani. Basi Asali Mbichi msimu uliopita alikuwa wa 2, kisha akasimamishwa, kisha akapotea kwenye vumbi. Msimu huu kaanza kwa ushindi, akawa wa 3, akaanguka, akainuka na kushinda. Wengi wakiona ile F wanamkimbia. Mimi namtazama mara 2. Farasi aliyeanguka akiwa mbele si sawa na aliyeanguka akiwa amechoka, na treni iliyoacha reli kwa ng'ombe kukatiza si sawa na iliyoacha reli kwa magurudumu mabovu. Tafuta video ya mbio ile. Hapo ndipo bando langu linapoishia.

P nayo isikutishe peke yake. Ni dereva mwenye akili anayesimama kabla bearingi haijaungua.

Halafu uwanja. Kwa mbio za kuruka vizuizi za Uingereza na Ireland, ambazo msimu wake mkubwa ni miezi ya baridi, ardhi ndiyo hakimu. Wao wana majina ya hatua mbalimbali, toka mkavu mgumu, mzuri, laini, mpaka tope zito. Mtu wa huku hahitaji kufundishwa tope. Umewahi kuendesha baiskeli kwenye udongo mweusi wa mbuga mwezi Februari, magurudumu yakashika ugali mpaka yakagoma? Kuna farasi wanaopenda hivyo. Wana kwato pana, hawana haraka, na wenzao wakianza kuzama wao ndiyo kwanza wanaamka. Farasi wa namna hiyo akishinda Januari, usimbebe hadi Juni.

Umbali huandikwa kwa maili na falongi. Falongi ni mita 201, falongi 8 ni maili 1. Derby ya Epsom, inayokimbiwa tangu 1780, ni falongi 12 hivi. Grand National ni karibu kilomita 7 na vizuizi 30. Uzito nao si wa kupuuza, kwa sababu kwenye mbio nyingi farasi hodari hutwishwa vipande vya madini ya risasi ili wanyonge wapate nafasi. Lakini mambo ya uzito yana watu wake, na mimi si mmoja wao.

Sasa pesa. Nina kopo la maziwa ya watoto, tupu, ambalo kila Jumatatu natia shilingi 5,000. Hilo ndilo dau la Jumamosi. Likiisha, natazama mbio kwa mdomo. Pensheni haingii humo, na mkeka, yaani dau nililoweka, ukichanika sikopi kwa muuza kahawa ili niufukuzie. Mjukuu wangu wa kidato cha 2 hunishikia simu na kunisomea herufi ndogo, ila kubonyeza dau nabonyeza mwenyewe: sheria ni miaka 18, na mama yake ni mkali kuliko sheria.

Ujanja ninaoupenda ni dau la pande 2. Unalipa mara 2: nusu kwa ushindi, nusu kwa kupata nafasi ya juu. Chukua farasi wa bei 10/1. Naweka 1,000 ya ushindi na 1,000 ya nafasi, jumla 2,000. Tuseme kampuni inalipa nafasi 3 za mwanzo kwa sehemu ya 5 ya bei. Akiwa wa 2, ile ya ushindi imeliwa. Lakini ya nafasi inalipwa 2/1, yaani 2,000 juu ya 1,000 yangu inayorudi. Mkononi 3,000, niliyotoa 2,000. Faida buku moja, lakini nimepiga kelele hadi mita ya mwisho. Soma masharti kwanza, maana idadi ya nafasi hubadilika kwa wingi wa farasi. Na kama simu yako inaonyesha 11.00 badala ya 10/1, ni bei ile ile, wamejumlisha na dau lako. Yule anayependwa na wote, mwenye bei ndogo, hushinda mbio 1 katika kila 3 hivi. Huyo nawaachia wenye mashamba.

Bibi yangu hana daftari. Yeye hutazama kama kuna mpanda mwanamke, basi. Aliniambia mwaka 2021 kuhusu Rachael Blackmore na farasi wake Minella Times, mimi nikamjibu kwamba tangu Grand National ianze hakuna mwanamke aliyewahi kuishinda. Blackmore akashinda, kwa 11/1. Jioni ile ugali niliukuta, mboga sikuikuta.

Kuhusu mtandao kugoma: utagoma. Utagoma wakiwa wamebaki vizuizi 2, mduara unazunguka, na wazee 5 wanakupumulia shingoni. Dawa yake ni komwe za bao. Chini ya mwembe wetu nachora duara refu mchangani kwa kijiti, kila mzee anachagua komwe yake na kuitemea mate kama alama, halafu mmoja anasimulia mbio za zamani huku akizisogeza. Ninayoombwa zaidi ni ya 1967. Naweka vijiti vya vizuizi, namwaga komwe lundo. Siku ile farasi walikuwa 44. Komwe moja mbovu, yenye ufa, naiacha nyuma kabisa. Huyo ndiye Foinavon, bei 100/1, na hata mkufunzi wake hakuja, alikwenda uwanja mwingine. Nawapeleka taratibu mpaka kizuizi cha 23, kidogo tu, si cha kutisha. Hapo farasi mmoja aliyekwisha kumtupa mpanda wake anakatiza mbele ya wenzake. Nakusanya komwe zote kwa kiganja na kuzirundika: mmoja kageuka nyuma, mwingine kaketi juu ya kizuizi, wapanda wanatafuta farasi zao kwa miguu. Hapo nanyamaza. Nakunywa kahawa. Nauma kashata. Mtani wangu, ambaye kashasikia mara 20, hupiga goti lake: "Mlete basi!" Ndipo naileta ile komwe yenye ufa, polepole, kwa kuwa alikuwa mbali mno kuingia kwenye rundo, naipitisha kwenye upenyo, peke yake, mpaka mwisho. Kizuizi kile leo kinaitwa Foinavon.

Ukisimulia, usiharakishe pale kwenye kashata.

Usiku kabla ya kulala jaza zile nafasi tupu za daftari. Nani alishinda, bei gani, na sentensi moja ya kwa nini ulikosea. Andika kweli, hakuna atakayesoma. Yangu ya Jumamosi iliyopita inasema: "Nilipenda jina."

Na tenga siku moja ya katikati ya wiki. Melbourne Cup hukimbiwa Jumanne ya kwanza ya Novemba, mita 3,200, saa 9 alasiri ya Australia, ambayo kwetu ni saa 1 asubuhi. Ni mbio pekee kubwa ninayoitazama nikiwa na chai ya kwanza. Mzaramo anakuja kabla jua halijashika bati, anabisha, "Mwangaluka!", salamu yetu ya asubuhi, kwa lafudhi ya kunikejeli. Yeye analeta maandazi. Mimi natoa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga. Bibi anauliza kama kuna mwanamke anayepanda, kwa sababu mwaka 2015 Michelle Payne alishinda hiyo kwa 100/1 na hajakubali tulisahau. Mwaka huu zamu ya bando ni ya fundi. Nimeshamwambia saa, na safari hii nimemwandikia kwenye karatasi.