Kurekebisha bawa la modeli ya plastiki ya Spitfire (ndege ya vita ya Uingereza) ya 1/72, yaani urefu umegawanywa mara 72
Kabla ufungue gundi pima kwanza, wengi wanaruka hapo. Spitfire Mk I halisi ilikuwa mita 11.23 toka ncha ya bawa hadi ncha, gawa kwa 72 unapata milimita 156 hivi, so shikanisha mabawa na selotepu uweke rula, ikipungua milimita moja achana nayo bana, nani atakuja kupima sebuleni kwako, lakini ikipungua nne hapo kuna kazi.

Ufa pale bawa linaingia mwilini ndio huudhi zaidi. Chukua ile fremu ya plastiki iliyobaki baada ya kukata vipande vya modeli, katakata ndogo ndogo kwa kichupa cha glasi, mimina gundi nyepesi ya modeli za plastiki kidogo (fanyia nje, mbali na moto kabisa!), funga, acha ilale hadi iwe kama uji mzito, paka. Usiiguse siku mbili, ndani hukauka polepole. Halafu msasa namba 400 na maji, kisha 800, hadware za soko la Kibuye ziko nayo.

Rangi puliza saa sita jua likiwaka, hapa Kisumu mvua ikikaribia unyevu unaacha ukungu mweupe juu ya rangi.