Kamera za Ulinzi wa Nyumba kwa Fedha Kidogo: Anza na Mahali pa Kuhifadhia Picha

Anayeingia katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, Dar es Salaam, au ya Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta kamera za ulinzi huulizwa kwanza anataka ngapi na za megapikseli ngapi. Kwa mwenye fedha kidogo, maswali hayo yasubiri. La kutangulia ni hili: wizi ukigunduliwa siku kadhaa baada ya kutokea, au ukifanyika umeme ukiwa umekatika, picha zitakuwepo, na zitakuwa zimehifadhiwa wapi?

Kamera ya waifai yenye memori kadi ndiyo ya bei nafuu kuanza nayo, na inamfaa mpangaji mwenye mlango mmoja wa kulinda. Kasoro yake ni kwamba mwizi akiing'oa kamera anaondoka na kadi pamoja na ushahidi wote, na mawimbi ya waifai hudhoofika yakipita kuta mbili tatu za tofali. Wauzaji watakuambia picha zitahifadhiwa mtandaoni, lakini kamera moja inayorekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde hutuma gigabaiti 21.6 kwa siku, yaani karibu 650 kwa mwezi, mzigo ambao bando la kawaida la nyumbani haliubebi. Kwa hiyo picha zirekodiwe ndani ya nyumba, na intaneti ibaki kwa kazi ya kukutumia tahadhari kwenye simu na kukuwezesha kuchungulia ukiwa mbali.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa na inayohitaji kamera mbili hadi nne, ningechagua DVR, yaani mashine inayorekodi picha kwenye diski iliyo ndani yake, pamoja na kamera zake za waya. Hurekodi na kuonyesha picha kwenye televisheni bila intaneti yoyote, kebo yake huvuka mita mia bila shida, na mafundi wanaoifahamu wapo karibu kila mji. NVR, mashine ya kurekodi ambayo kamera zake hupata umeme na kupitisha picha katika kebo moja ya mtandao isiyozidi mita 100, ni bora zaidi lakini ni ghali; anayejenga sasa apitishe kebo hizo ukutani kabla ya plasta, hata kama kamera atazinunua baadaye.

Sasa diski. Kamera nne za megapikseli 2, zikibana picha kwa H.265, njia mpya ya kupunguza ukubwa wa video, kwa zile megabiti 2 kwa sekunde kila moja, hujaza takriban gigabaiti 86 kwa siku, hivyo diski ya terabaiti 1 huhifadhi siku 11 hivi kabla ya mashine kuanza kufuta za zamani. Mashine inayotumia H.264, njia ya zamani zaidi, huhitaji karibu maradufu, na siku hizo hushuka hadi tano. Ndiyo maana inafaa kuuliza aina ya ubanaji wa picha kabla ya kuuliza megapikseli. Diski yenyewe iwe ya kazi ya ulinzi, kama WD Purple au Seagate SkyHawk, zilizoundwa kuandika saa 24. Iliyochomolewa kwenye kompyuta kuukuu huonekana rahisi mpaka siku inapohitajika.

Idadi ya kamera hupungua ukijua kila moja inatakiwa kuona nini. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kilitaka pikseli (nukta za picha) 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana ili mtu usiyemjua atambulike. Kamera ya megapikseli 2 yenye lenzi ya milimita 2.8 huona ua karibu wote, lakini hufikia kiwango hicho umbali wa mita tatu hadi nne tu, ilhali lenzi ya milimita 6 hukifikia kwenye mita nane hivi. Basi weka lenzi pana uani ili ujue kuna mtu, na lenzi nyembamba getini ili ujue ni nani. Ukiifunga kamera ya getini juu kabisa chini ya paa, utapata picha nzuri za kofia.

Waya ni mahali ambapo fundi hubania fedha bila mwenye nyumba kujua. Kwangua ncha kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, na ukiona weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo hupoteza volti nyingi njiani, kiasi kwamba kamera ya mbali huzimika taa zake za usiku zinapowaka.

DVR na kamera nne hutumia takriban wati 40. UPS ndogo, yaani kifaa cha kushikilia umeme unapokatika, yenye betri ya volti 12 na amp-saa 7 ina wati-saa 84, na kwa sababu ya upotevu usitarajie zaidi ya saa moja na nusu; umeme ukikatika usiku kucha, inahitajika betri kubwa zaidi. Ruta nayo iunganishwe hapo, la sivyo tahadhari hazitafika kwenye simu.

Badilisha neno la siri la kiwandani siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na DVR nyingi duniani kwa kujaribu tu maneno hayo yanayojulikana. Kamera isielekezwe kwenye dirisha la jirani pia, kwani Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kabla ya kummalizia fundi malipo, subiri giza liingie, mtu apite getini kwa mwendo wa kawaida, kisha umtafute katika picha zilizorekodiwa na unakili kipande hicho kwenye flashi wewe mwenyewe, ukizima na umeme wa nyumba kwa dakika chache uone kama mashine inaendelea kurekodi.