Jinsi ya Kumvika Shujaa wa Fantasia Deraya Inayokubalika Kihistoria

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwandishi mwenzangu kusahihisha riwaya yake ya fantasia ilipokuwa ikitayarishwa kuwa filamu fupi. Joka na uchawi havidaiwi ushahidi, lakini chuma kina tabia zake ambazo kila mtu anazijua, na zikipuuzwa msomaji huacha kuliamini hata joka.

Hatua ya 1: Chagua mwaka na mahali

Enzi za Kati za Ulaya zilidumu karibu miaka 1,000. Wapanda farasi wa Kinormani waliopigana Hastings, Uingereza, mwaka 1066 walivaa deraya ya pete (vazi la pete ndogo za chuma zilizounganishwa) na chapeo, yaani kofia ya chuma, yenye kipande cha kukinga pua, ilhali deraya kamili ya mabamba, yaani vipande bapa vya chuma, haikuenea hadi karne ya 15, ilipotoka kwa mafundi wa Milano na wa miji ya Ujerumani kama Augsburg na Nuremberg. Andika katika daftari lako, kwa mfano, "Italia ya kaskazini, 1450", hata kama ufalme wako haumo katika ramani yoyote.

Hatua ya 2: Tafuta ushahidi

Anza na picha ambazo makumbusho ya Royal Armouries ya Leeds na Wallace Collection ya London wameziweka kwenye intaneti, na uachane na michoro ya mashabiki. Mimi huziamini sanamu za makaburini kuliko michoro ya zamani, kwa sababu wachoraji wa karne ya 15 waliwavika hata mashujaa wa kale wa Troya deraya za wakati wao wenyewe. Sanamu ya kaburini ya Richard Beauchamp, mkabaila wa Kiingereza, katika kanisa la St Mary's, Warwick, inaonyesha vifungo na mikanda hadi mgongoni. Angalizo ni kwamba yeye alifariki mwaka 1439 na sanamu ikatengenezwa miaka kadhaa baadaye, kwa hiyo usichukue mwaka wa kifo kuwa ndio mwaka wa deraya.

Hatua ya 3: Mvike kuanzia ndani

Hapa ndipo hadithi nyingi huharibika, na ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Deraya ya mabamba haisimami yenyewe mwilini: sehemu zake nyingi hufungwa kwenye nguo iliyo chini yake. Maandishi ya Kiingereza ya karne ya 15, yaliyohifadhiwa katika Maktaba ya Morgan mjini New York, yanaeleza namna ya kumvika mtu anayekwenda kupigana kwa miguu. Havai shati, huvaa kizibao cha kitambaa kizito chenye bitana ya satini na matundu mengi ya kupitishia kamba, huku vipande vya pete za chuma vikiwa vimeshonewa kwapani na kwenye mikunjo ya mikono, mahali ambapo bamba haliwezi kufunika. Kamba zenyewe ni za uzi imara uliopakwa nta, na magoti huzungushiwa vipande vya blanketi ili chuma kisichubue ngozi. Kisha kazi huanzia miguuni na kupanda: nyayo, miundi, mapaja, kiwiliwili, mikono, na chapeo mwisho.

Mpangilio huu unabadilisha hadithi yenyewe. Shujaa anayeshambuliwa usiku wa manane hawezi kutokea mlangoni akiwa na mabamba kamili, kwa kuwa anahitaji msaidizi na muda. Mpe deraya ya pete, ambayo mtu huivaa kwa kuipitisha kichwani, na umkazie mkanda kiunoni ili sehemu ya uzito ihame kutoka mabegani. Kwa wanaotengeneza mavazi ya filamu, sufu iliyofumwa na kupakwa rangi ya fedha inafaa kwa askari walio mbali na kamera. Kwa picha za karibu nasisitiza pete zilizofungwa kwa ribiti (vijisumari vya kubana ncha za pete), kama zilivyokuwa pete za Ulaya ya wakati huo, kwa sababu pete zilizokunjwa tu hufunguka na jicho huliona pengo. Usikubali kizibao kiondolewe ili mwigizaji aonekane mwembamba. Bila hicho mabamba huning'inia vibaya na kila hatua huonekana ya uongo.

Hatua ya 4: Pima uzito

Deraya kamili ya vitani ya karne ya 15 kwa kawaida ilikuwa na kilo 20 hadi 25, zilizotawanywa mwili mzima. Aliyeizoea aliweza kukimbia na kupanda farasi, kwa hiyo ukiwa umeandika winchi ya kumwinua hadi juu ya farasi, ifute. Hata hivyo, mchoshe: utafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kutembea ukiwa umevaa deraya kamili hutumia nguvu takriban maradufu.

Hatua ya 5: Linganisha silaha

Upanga haukati bamba. Adui ashike upanga kwa mikono miwili, mmoja katikati ya ubapa, aelekeze ncha kwapani, au atumie shoka la mpini mrefu.

Hatua ya 6: Amua kuhusu uso

Waongozaji huivua chapeo ili nyota aonekane, na hilo ndilo kosa ninalolipinga kwa nguvu zaidi, kwa sababu kichwa ndicho ambacho hata askari maskini alikikinga kwanza. Chagua chapeo yenye kifuniko cha uso kinachoinuka, kisha uandike katika muswada ni lini kinainuliwa: anapotoa amri, anapotafuta pumzi, na pambano linapokwisha.