Somo: Kulifuata neno la Kiingereza hadi lilikozaliwa (mfano: sugar)

Tafuta kamusi inayoeleza asili ya maneno, daftari na kalamu. Tutalifuata neno moja tu.

Hatua ya 1: Umri. Jua kwanza neno limekaa muda gani ndani ya Kiingereza chenyewe. Sugar linaonekana katika maandishi kuanzia mwishoni mwa karne ya 13. Kabla yake, utamu wa Waingereza ulikuwa asali.

Hatua ya 2: Kituo kwa kituo. Hapa wengi huharibu. Wakiona kamusi imetaja Kisanskriti, lugha ya kale ya India, wanaruka hadi huko na kuacha njia nzima. Usiruke. Kiingereza kililipata kwa Kifaransa cha kale (sucre), nacho kwa Kilatini cha Zama za Kati (succarum), nacho kwa Kiarabu (sukkar), nacho kwa Kiajemi (shakar), nacho kwa lugha za India. Kisanskriti ni śarkarā.

Hatua ya 3: Maana ya mwanzo. Śarkarā ni changarawe. Hatua hii naipenda kuliko zote. Mimina sukari kiganjani, isugue kwa kidole, utaelewa waliolipa jina hilo walihisi nini.

Hatua ya 4: Safari ya kitu chenyewe. Jina la bidhaa husafiri na bidhaa, kwa hiyo njia mbili hizi lazima zikubaliane. Waarabu walieneza kilimo cha miwa hadi Sicily na Hispania, na Wahispania wakalibeba neno pamoja na "al" yake, kitangulizi cha Kiarabu ambacho mbele ya s husikika "as" (as-sukkar): azúcar. Periplus, mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1, ule ule unaoitaja Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu, unataja asali ya matete iitwayo sakkhari ikiletwa kutoka India hadi Pembe ya Afrika.

Maswali ya wanachama

*Je, "sukari" tuliikopa kwa Waingereza?*
Hapana, kwa Waarabu. Sikiliza sauti: yetu ina s na k kama sukkar. La Kiingereza linatamkwa kwa sh na g, na lilipotufikia baadaye lilikuja hivyo hivyo: shuga dadi, shuga mami. Neno moja limetuingia kwa milango miwili.

*Na sukari guru?*
"Guru" ni gur ya Kihindi. Waingereza huiita jaggery, neno walilopewa na Wareno, waliolitoa kusini mwa India, na mzizi wake ni śarkarā hiyo hiyo. Jaggery na sugar ni ndugu.

*Sakarini je, wanayotumia wenye kisukari?*
Hiyo imepita njia ya Kigiriki na Kilatini, saccharum. Constantin Fahlberg aliigundua Marekani mwaka 1879.

*Maneno yakifanana sauti na maana, si yatosha?*
Haitoshi kabisa. Kiajemi kina neno bad, maana yake "baya", sawasawa na bad ya Kiingereza, na hayana undugu wowote. Ndiyo maana nasisitiza hatua ya 2.